Mbwa mzee si yaya wa papi

Nyumba nyingi za Mombasa huleta papi, yaani mtoto wa mbwa, kwa sababu moja: mbwa aliyepo amezeeka. Masikio yamepungua nguvu, usiku anabweka mtu akiwa ameshapita getini, na asubuhi soja anamkuta bado amelala. Basi mwenye nyumba anatafuta wa pili, akitumaini kwamba mzee atamfundisha mdogo kazi kabla hajaondoka duniani. Mimi ni daktari wa wanyama, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni mbwa wa majumbani, kuanzia Nyali hadi Mikindani. Mpango huu naukuta kila mara. Nataka kuueleza vizuri kwa sababu unapoharibika, anayeumia kwanza ni yule mzee aliyewatumikia miaka yote.

Ni kweli mbwa hujifunza kwa kutazamana. Papi akimwona mkubwa wake ametulia muuza maziwa anapoingia, naye hutulia. Lakini na mabaya hupita njia hiyo hiyo. Mzee anayekimbiza pikipiki atamtoa mkimbiza pikipiki mwingine, na mzee anayebwekea kila mpita njia atakupa wawili wa kubweka usiku kucha. Tena yapo mambo ambayo mbwa hamfundishi mwenzake hata akiishi naye miaka: kujisaidia mahali panapotakiwa, kutembea na kamba, kuitika akiitwa, kukaa peke yake bila kulia. Hiyo ni kazi ya binadamu. Papi akiachiwa mzee amlee, mara nyingi hukua akimtegemea mbwa mwenzake kuliko watu wa nyumba. Unamwita hageuki, na siku mzee akipelekwa kliniki, yeye hulia kutwa na kukataa chakula.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza huwa ni huu: kabla hujafikiria papi atachezea wapi, fikiria mzee atapumzikia wapi. Mbwa wa umbo kubwa huanza kuhesabiwa mzee akifika miaka saba hivi, wale wadogo baadaye kidogo. Viungo vinauma, jicho limeanza ukungu, na usingizi wake ni wa kukatikakatika. Papi wa wiki 8 hajui lolote kati ya hayo. Anaona mkia, anauvuta. Anaona sikio, analing'ata kwa meno yake 28 ya utotoni, na meno hayo ni makali kama sindano. Mzee anahitaji mahali pa kivuli ambapo papi hafiki kabisa. Si lazima ununue kitu. Nimeona watu wakiziba upenu mmoja kwa ubao wa kimo cha shubiri moja: mzee anauvuka kwa hatua, papi anabaki nje akilalamika. Papi akikua na kuuvuka, ndipo unaweka kigeti cha mbao au wavu. Sipendekezi kumfunga mzee mnyororo ili mdogo azurure, maana mbwa aliyefungwa hana pa kukimbilia, na asiye na pa kukimbilia huuma.

Hapa ndipo linapokuja suala ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote. Watu huniambia, "Daktari, Simba ameanza ukali, amemngurumia papi." Nikiuliza walifanya nini, jibu mara nyingi ni kwamba alichapwa.

Usimchape mbwa kwa kunguruma. Kunguruma ndiyo njia yake ya adabu ya kusema basi. Na kabla ya kufika huko huwa ameshasema kwa njia nyingine ambazo hatukuzitilia maanani: amegeuza uso, amelamba midomo ilhali hakuna chakula, amepiga miayo, ameinuka na kuhama. Mtazame mzee akila sima na dagaa huku papi anamsogelea. Kwanza anaongeza kasi ya kula. Kisha taya zinasimama, kichwa kinabaki juu ya bakuli, mwili mzima umekakamaa, na jicho linageuka pembeni mpaka weupe wake unaonekana. Mkia hautikisiki. Hizo sekunde mbili ndizo nafasi yako ya kumwita papi aje kwako au kumwondoa. Ukizipoteza, utasikia mngurumo, na baada ya mngurumo ni meno hewani, kisha meno mwilini. Mbwa aliyechapwa kwa kunguruma hajifunzi kumpenda papi. Anajifunza kunyamaza, na siku ya siku atauma bila kutoa sauti. Pengine aliyesimama karibu siku hiyo atakuwa mwanao.

Karipio la kawaida la mbwa mzee ni fupi. Ananguruma au anabweka mara moja, papi anarudi nyuma au anajilaza chali, mambo yameisha, na hakuna jeraha. Mbwa wazee wengi huwavumilia papi hadi wakiwa na miezi minne hivi, kisha uvumilivu hupungua, na hilo si ukali mpya. Linalonitia wasiwasi ni mzee anayemfuata papi aliyekwisha kurudi nyuma, anayemkandamiza na kuendelea huku mdogo anapiga mayowe, au anayemvizia kutoka upande wa pili wa ua. Ukiona hayo, watenganishe kwa geti, si kwa mkono wako, kisha muone daktari. Mara nyingi mzee huyo ana maumivu ambayo hakuna aliyeyajua.

Sasa nguvu za papi. Wengi huamini kwamba papi anayekimbia uani huku na huku na kung'ata kanga za watu saa kumi na mbili jioni amekosa mazoezi. Mara nyingi amekosa usingizi. Papi hulala saa 18 hadi 20 kwa siku, na katika nyumba yenye watoto wanaotoka shule, mafundi na majirani, hakuna anayemwachia alale. Akichoka kupita kiasi anazidi kuwa mkali wa meno, na anayemaliziwa hasira hizo ni mzee aliyelala karibu. Mweke mahali pake penye kivuli na maji, mpe kitu cha kutafuna, mwache. Mpango wa kuamka, kujisaidia, kucheza na mtu dakika chache, kisha kulala tena, unatuliza nyumba nzima. Meno ya kudumu, 42, huanza kuchukua nafasi ya yale ya utotoni karibu na mwezi wa nne na hukamilika kati ya mwezi wa sita na wa saba. Kipindi hicho hutafuna kila kitu. Kitambaa kilicholowekwa na kugandishwa kwenye friza humpoza fizi vizuri, ila simama naye asikimeze.

Na tusisahau tunaishi wapi. Mbwa hupoa hasa kwa kuhema, na hewa ya Mombasa yenye unyevu mwingi huifanya kazi hiyo kuwa ngumu. Kati ya Desemba na Machi, kaskazi ikivuma, joto la mchana hupita nyuzi 30. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kama 38.3 hadi 39.2. Likipita 41 maisha yake yako hatarini. Papi akimshawishi mzee kucheza saa saba mchana, mzee atacheza, kwa sababu mbwa wengi hawajui kuacha mpaka wameanguka. Michezo iwe kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Ukimkuta mzee anahema kwa sauti nzito, ulimi umebadilika rangi, miguu inayumba, mmwagie maji ya kawaida mwilini, mpepee, na muanze safari ya kwa daktari huku mkiendelea kumpoza.

Maji yakipwa alfajiri, mchanga wa Nyali au Bamburi huwa mgumu na mzuri kwa viungo vya mzee, na kumwingiza kwenye maji ya kifuani kwake kunamfanyisha mazoezi bila kuvibebesha uzito. Mbebee maji ya kunywa, maana mbwa mwenye kiu hunywa ya bahari, na chumvi ile humtapisha na inaweza kumdhuru vibaya. Matembezi hayo ni ya mzee peke yake. Yanamrudishia saa moja ya kuwa na wewe bila mdogo, na papi naye anajifunza kubaki nyumbani bila mzee.

Papi asiyemaliza chanjo haendi ufuoni. Chanjo za pavo na distempa, magonjwa mawili ya virusi yanayoua papi, huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16, kwa sababu kinga aliyopewa na mama yake huizuia chanjo kufanya kazi, na hakuna ajuaye siku kinga hiyo itakapoisha. Ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia wiki 12. Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na lengo hilo linajengwa getini kwako, kwa mzee na kwa mdogo sawia. Virusi vya pavo hukaa kwenye udongo miezi mingi. Ikiwa mbwa alikufa kwa kuharisha damu katika ua wako, usilete papi asiye na chanjo.

Hilo linaleta ugumu katika kuwakutanisha. Vitabuni tunaambiwa wakutane mahali pasipo pa mmoja wao, lakini barabara zetu zina mbwa wasio na wenyewe. Ninachopendekeza ni ua wa jirani au ndugu ambaye mbwa wake wana chanjo. Pasipopatikana, papi abebwe mkononi nje ya geti huku mzee akitembea karibu na mtu mwingine, kamba ikiwa imelegea, kisha waingie nyumbani pamoja. Usiwalazimishe kunusana uso kwa uso. Na ondoa uani bakuli na vitu vya mzee kabla hawajaingia.

Kabla ya siku hiyo, mkague papi kupe. Kupe wa kahawia wa mbwa haishi majanini tu, anaingia kwenye nyufa za ukuta na banda na kutaga mayai kwa maelfu. Papi mmoja mwenye kupe anatosha kuuharibu ua uliokuwa safi, na mzee mwenye damu dhaifu ndiye anayelemewa na homa ya kupe: fizi nyeupe, kukosa hamu ya kula, wakati mwingine damu puani. Watibiwe wote wawili na banda lao siku moja. Dawa ya kuoshea ng'ombe usimpake papi kwa kukisia. Kipimo kikizidi hutetemeka, hupoteza fahamu, na wengine hufa.

Chakula: kila mmoja na bakuli lake, na geti katikati. Mzee akila cha papi hunenepa, na uzito ndio adui wa viungo vyake.

Kuna jambo moja la hapa kwetu. Majirani wengi ni Waislamu, na wengi wa hapa pwani hufuata madhehebu ya Shafii, ambako mate ya mbwa yakikugusa unatakiwa kuosha mara saba, moja kwa udongo. Papi anayemrukia mzee wa watu anayekwenda swala ya alasiri amemkosea heshima jirani yako. Mfundishe tangu siku ya kwanza kwamba hapati kuguswa mpaka miguu yote minne iko chini, na awe na kamba geti linapofunguliwa.

Kuhusu maumivu ya mzee, usimpe ibuprofeni wala diklofenaki ya nyumbani. Huchoma tumbo na kuua figo. Zipo dawa za maumivu za mbwa, na nimeona wazee waliodaiwa kuwa wakali wakirudi kuwa wapole baada ya kuzianza.

Kati ya miezi 6 na 18 papi atakuwa amempita mzee kwa nguvu, na ndipo ugomvi wa kweli huanza, hasa majike mawili au madume mawili. Dume na jike wakiwa wamehasiwa huishi kwa amani zaidi, na kama bado hujachagua, chagua hivyo. Geti la wakati wa kula lisiondolewe hata wakionekana marafiki. Na ukimkuta mzee amehamia nyuma ya tangi ilhali miaka yote alilala barazani, usingoje damu: mfungie mdogo siku hiyo hiyo, mrudishie mzee baraza yake, na umlete nimpime nyonga na magoti.