Difu kuvuja sio maana yake sili imekufa

Kila lori likikutwa na oili chini ya difu, sentensi ni ileile kuanzia gereji za Ubungo mpaka Tunduma, "sili imekufa hiyo, leta sili", yaani ile pete ya mpira inayozuia oili isitoke. Dereva anapiga simu kwa bosi, bosi anatuma hela, sili inabadilishwa, gari inaondoka, na safari mbili mbele unakuta palepale pana oili tena, na sentensi inarudi ileile. Nimelisikia hili mara nyingi mno, na linaumiza watu mifuko na siku nyingine linaumiza watu wenyewe barabarani, ndo maana naandika.

Difu kwa haraka haraka ni ule mviringo wa chuma katikati ya ekseli ya nyuma. Propela, ile shafti ndefu ya chini ya gari, inaleta mzunguko kutoka giaboksi, pinioni, gia ya mbele, inausukuma kwenye krauni, lile gia kubwa la duara, mzunguko unageuka kona na kwenda tairi za kulia na kushoto, na katikati kuna gia ndogo zinazoruhusu tairi ya nje izunguke zaidi kuliko ya ndani wakati gari inakata kona. Ni kitu cha zamani, Mfaransa Onésiphore Pecqueur alikibuni miaka ya 1820 kwa ajili ya gari la mvuke. Gia zote hizo zinaoga kwenye oili nzito, na oili hiyo inazuiwa na sili mahali shafti zinapotokea, yaani pale mbele kwenye pinioni na kule kwenye habu, vitovu vinavyofungiwa tairi. Kuvuja ni oili kupita mahali haikutakiwa kupita, basi, na kwenye maelezo yote hayo sijasema kwa nini imepita.

Sasa hapo ndo watu wanachanganya. Sili ni mlango ambao oili imetokea. Sababu ya kutoka ni kitu kingine, na mara nyingi kiko juu ya ekseli, kidogo, kimejaa tope na hakuna aliyewahi kukiangalia tangu gari inunuliwe. Nazungumzia kipumulio, kile kikofia kidogo kilichofungwa juu kwenye nyumba ya ekseli, kwenye gari nyingine kinaunganishwa na mpira unaopanda mpaka kwenye chesisi. Kazi yake ni kuruhusu hewa iingie na itoke. Difu haijajaa oili mpaka juu, ina nafasi ya hewa, na hewa ikipata joto inataka nafasi zaidi. Chukua gari imepakia Dar inaelekea Zambia, inapanda mlima wa Kitonga na gia ndogo, pinioni inasukuma krauni kwa nguvu zote, oili inapanda joto. Hewa uliyoifungia kwenye chombo kisichopumua, ukiitoa nyuzi 25 ukaipeleka nyuzi 90, presha yake inapanda kwa zaidi ya moja ya tano, na bado oili yenyewe nayo inavimba na kuibana hiyo hewa. Kipumulio kikiwa kizima hewa inatoka na hakuna kinachotokea. Kikiwa kimeziba presha inatafuta mahali palipo dhaifu, na palipo dhaifu ni mdomo wa sili, kipande cha mpira chenye kispringi chembamba ambacho kilitengenezwa kufuta oili kwenye shafti tu, hakikutengenezwa kushikilia presha. Unaweka sili mpya original kabisa, presha ni ileile, itasukumwa vilevile.

Na kinyume chake kipo pia, ambacho watu wa tipa na wanaovuka mito wanakijua bila kujua wanakijua. Difu imechemka, gari inaingia kwenye maji, chuma kinapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na difu inavuta. Kama kipumulio kimeziba itavuta kupitia sili, na itavuta maji na mchanga. Ukifungua nati ya kumwagia ukaona oili imekuwa rangi ya maziwa, basi maji yameingia, na beringi zako zinaliwa hata kama chini hakuna tone. Kwa hiyo difu "isiyovuja" nayo inaweza kuwa mgonjwa wa kipumulio.

Sababu ya pili ambayo inaitwa "sili imekufa" ni kimfereji. Sili ikikaa miaka kwenye shingo ya flanji ya pinioni, pale propela inapofungwa, na vumbi likiingia, inachimba mstari kwenye chuma. Pitisha ukucha, ukikwama pana kimfereji, na sili mpya ukiikalisha kwenye mstari uleule haitaziba, unatakiwa ubadilishe flanji au uvalishe ile bushi nyembamba ya kufunika mstari. Ya tatu ni beringi ya pinioni kulegea. Weka magogo kwenye tairi, ingia chini, shika propela karibu na flanji uitikise juu na chini, ikicheza pale kwenye pinioni basi shafti inatembea, na hakuna sili duniani inayoweza kufuata shafti inayotembea. Hapo umebadilisha sili tano na tatizo lako ni beringi, tena beringi ambayo ikiachwa inaondoka na krauni, na bei ya krauni na pinioni yake mnaijua wenyewe.

Halafu kuna hii ya kujaza. Wengine wanadhani oili nyingi ni usalama zaidi. Leveli ya difu ni usawa wa mdomo wa chini wa tundu la kujazia, gari ikiwa sehemu tambarare na imepoa. Sio kidole kinafika kwenye oili, maana kidole kinaweza kufika na oili ikawa imepungua lita nzima, iwe usawa wa tundu hasa. Ukizidisha, krauni inaipiga oili inatoa povu, joto linapanda, na oili inatafuta njia kupitia kipumulio au sili, na mtu akiona atasema nini? Sili imekufa. Na ukifungua habu kubadilisha sili ya tairi jua kwamba kwenye ekseli nyingi oili ya difu ndo inayoenda kulainisha beringi za habu, kwa hiyo ukishafunga jaza, endesha kidogo, simama dakika kumi sehemu tambarare, pima tena, lazima itakuwa imeshuka.

Kuna na dawa ya kienyeji ya kuweka oili nzito zaidi, namba 140, "ili isivuje". Kama kitabu cha gari kinaruhusu 85W-140 kwa nchi za joto, sawa kabisa, weka, ila iwe GL-5, daraja la oili ya gia zinazobeba nguvu kubwa. Lakini kuiweka kama dawa ya kuvuja haisaidii kitu, presha haijapungua, kimfereji hakijajaa, beringi haijakaza, umechelewesha tone tu. Silikoni nayo ukiipaka nyingi kwenye gasketi za difu, iliyobanwa kuingia ndani inakatika vipande na kuzunguka na oili.

Niseme pia kwamba unyevu kidogo uliokamata vumbi kuzunguka sili ya pinioni sio sawa na tone linaloanguka, huo unaufuta, unaendesha, unaangalia tena. Lakini habu ni habari nyingine kabisa. Ukiona oili inatambaa upande wa ndani wa tairi au kwenye rimu usisubiri gereji ya kesho, maana inaingia kwenye dramu ya breki, na lainingi ya breki iliyoloa oili haishiki na wala haisafishiki, inatupwa. Mtu anatoka Tunduma na mzigo wa kopa, yaani shaba, anashuka Kitonga na upande mmoja wa breki haupo, halafu tunaambiwa breki "zilifeli".

Kwa hiyo ndugu zangu madereva na nyie mnaotuma hela za sili, fundi akikwambia sili imekufa usimbishie, inawezekana kweli imekufa. Mwombe tu kwa heshima kabla hajashusha propela apande juu ya ekseli akifungue kipumulio akisafishe na dizeli mpaka kipumue, na kama gari ni ya difu mbili basi vyote viwili maana kila ekseli ina chake, halafu apime leveli, atikise propela, apitishe ukucha kwenye flanji. Baada ya hapo ndo aseme ni sili.