Usahihi wa kufuli: draiva mbili, kumbukumbu moja

Kisimani kwetu Pemba ndoo ilikuwa ikikaa nyumba ya upande huu, kamba nyumba ya upande ule. Anayetaka maji hupitia kote kuwili, kisha huenda kuteka. Asubuhi moja wanawake wawili walifika kisimani pamoja, huyu na ndoo mkononi, yule na kamba begani.

"Wifi, nipe hiyo kamba niteke mara moja tu."

"Nipe wewe ndoo kwanza, wifi yangu. Mie nimeacha mtoto mchanga ndani."

Hakuna aliyekosea. Kila mmoja alichukua kilichokuwa huru, akawa anangoja cha pili. Binadamu hulimaliza jambo hilo kwa kuoneana haya: mmoja hucheka, akampisha mwenzake. Kompyuta haina haya. Ikifika hapo husimama vile vile, na mara nyingi hakuna la kuiokoa ila kuizima na kuiwasha upya.

Hali hiyo huitwa mkwamo, nao ni mmoja tu kati ya maradhi yanayoguswa na dhana ya usahihi wa kufuli. Kufuli ni alama ndani ya programu inayomruhusu mmoja tu kwa wakati kugusa kitu cha pamoja. Naieleza hapa kwa upande wa draiva, yaani programu zinazoendesha vifaa, zinazogawana kumbukumbu ndani ya kaneli, kiini cha mfumo endeshi wa Linux, kwa sababu huko ndiko nilikoijua kwa kuumia. Tena naona vijana wanaoanza kazi hii hapa Unguja wanafundishwa namna ya kufunga kufuli, lakini hawafundishwi namna ya kuikagua, na hizo ni kazi mbili tofauti.

Kwanza, kwa nini kumbukumbu igawanwe? Chukua kamera inayopeleka picha kwenye skrini. Picha moja ya nukta 1920 kwa 1080, kila nukta baiti 4, ni baiti 8,294,400. Zikiwa picha 30 kwa sekunde, ni karibu megabaiti 249 kila sekunde. Draiva ya kamera ikinakili picha na kuikabidhi draiva ya michoro, na hiyo nayo ikanakili tena kuipa skrini, kichakata kitamaliza siku kikifanya uhamali. Badala ya kubeba mzigo ghala hadi ghala, ni afadhali wote wapewe ufunguo wa ghala moja. Tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012, Linux ina utaratibu uitwao dma-buf kwa kazi hiyo hasa. Draiva moja hutenga eneo la kumbukumbu, yaani bafa, na machoni mwa programu bafa hiyo huonekana kama faili iliyofunguliwa. Draiva nyingine huipokea na kuitumia bila kunakili kitu.

Sasa ghala lina wenyewe wengi. Kamera inaandika, kichakata michoro kinasoma, programu inachungulia, na kaneli yenyewe inaweza kutaka kuihamishia bafa mahali pengine. Kufuli ndiyo inayowapanga. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hulipita haraka: kufuli inalinda data, hailindi mistari ya programu. Ninapokagua draiva ya mtu, swali langu la kwanza ni, "Kufuli hii inalinda nini?" Mwandishi akinijibu kwa kunitajia jina la kazi (kipande cha programu kinachoitwa kwa jina) au la faili, najua bado hajaelewa. Nataka anitajie vigezo, yaani vihifadhi vya data, kimoja kimoja: idadi ya waliojiunga na bafa, anwani ilipo bafa, orodha ya wanaongoja. Kisha natafuta kila mahali vigezo hivyo vinaposomwa au kubadilishwa, nione kama kufuli imeshikwa kweli. Mahali pamoja paliposahauliwa panatosha kuharibu kila kitu, kama nyumba yenye mlango wa msaji na misumari ya shaba huku dirisha la uani halina hata kitasa.

Usahihi wa kufuli, basi, ni hali ambayo data ya pamoja haiguswi bila kufuli yake, na hakuna mfuatano wowote wa matukio unaoweza kuwafanya wanaoshika kufuli wangojane milele. Neno zito hapo ni "wowote". Halisemi mfuatano uliotokea jana kwenye meza yangu. Linasema kila mfuatano unaowezekana, hata ule unaohitaji mambo matatu yakutane ndani ya sehemu moja ya milioni ya sekunde.

Mwaka 1971 mtafiti wa kompyuta Coffman na wenzake wawili walionyesha kwamba mkwamo hauwezekani mpaka mambo manne yatimie pamoja: kitu kisichotumiwa na wawili kwa wakati mmoja, mtu kushikilia alichonacho huku akingoja kingine, kutokuwepo wa kumnyang'anya, na duara la kungojana. Vunja moja na mkwamo hautokei. Kisimani lililo jepesi kuvunja ni duara: wanakijiji wakubaliane kwamba ndoo huchukuliwa kwanza siku zote, na asiyepata ndoo asiguse kamba. Kaneli nayo hufanya hivyo. Kufuli zina mpangilio, ya nje kabla ya ya ndani, na kila njia lazima iufuate.

Ugumu ni kwamba mara nyingine unashika kufuli bila kujua kama umeishika. Miaka kadhaa nyuma niliandika draiva ya kamera ndogo ya mlangoni kwa mteja mmoja wa mjini. Kifaa kilikuwa kikiganda, mara moja katika wiki mbili hivi, na zaidi kumbukumbu ilipokuwa imebana. Mezani kwangu hakikuganda hata siku moja. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa nafunga kufuli ya bafa, halafu nikiwa bado nimeishika nanakili maagizo kutoka kwenye kumbukumbu ya programu ya mtumiaji. Ni mstari mmoja, nawe ukiusoma hauoni ubaya wake.

Ila ukurasa, yaani kipande cha kumbukumbu ya mtumiaji, unaweza kuwa haupo wakati huo. Kichakata kikiugusa, kaneli huingia kati kuuleta, na ili kuuleta huweza kushika kufuli ya ramani ya kumbukumbu ya programu hiyo, iitwayo mmap_lock. Kumbe mstari wangu ulikuwa unashika kufuli ya pili kimyakimya. Uzi mwingine wa programu ile ile, yaani mkondo mwingine wa kazi zake unaoendeshwa sambamba, ulikuwa ukiomba bafa itandazwe kwenye ramani yake, ionekane kama sehemu ya kumbukumbu yake. Huo ulianza na mmap_lock, na ndipo draiva yangu ikataka kufuli ya bafa. Ndoo huku, kamba kule. Ukurasa ukiwapo, na karibu siku zote huwapo, mambo huenda salama. Ndiyo sababu majaribio elfu hayakunionyesha chochote.

Kilichonionyesha ni lockdep, mkaguzi (ni programu, si mtu) ambaye Ingo Molnar, mmoja wa waandishi wa kaneli, alimwingiza kwenye kaneli mwaka 2006. Hangoji mkwamo utokee. Kila kufuli inaposhikwa juu ya nyingine, huandika mpangilio wake: hii, kisha hii. Akiuona mpangilio wa kinyume, hata kama wa kwanza aliuona saa tano nyuma kwenye uzi mwingine kabisa, hupiga kelele papo hapo na kutaja njia zote mbili. Tena kazi ya kunakili kutoka kwa mtumiaji imewekewa alama inayomwambia, "hapa mmap_lock inaweza kushikwa", hata ukurasa ukiwa upo. Nilipomwasha, hazikupita dakika kumi. Dawa ilikuwa kuhamisha mistari miwili: nakili kwanza, funga kufuli baadaye.

Lockdep ana mpaka wake, lakini. Anaona njia zilizopitwa tu. Njia ya makosa ambayo haikupitwa katika majaribio, ile inayorudi katikati ya kazi bila kufungua kufuli, hataiona. Hiyo ni kazi ya jicho la mtu, na mimi huanza kusoma huko kabla ya kwingine kote.

Kuna mahali ambapo hata mpangilio hausaidii. Programu ya michoro hutuma kazi moja yenye bafa kadhaa, nyingine kumi, nyingine mia, kwa mfuatano inaotaka yenyewe. Huwezi kuiamrisha ianze na ipi. Fikiria mikokoteni miwili inayokutana uso kwa uso kwenye kichochoro cha Mkunazini, ukuta huku na ukuta huku. Lazima mmoja arudi kinyumenyume, na ugomvi wote ni nani. Kaneli imelimaliza hilo tangu mwaka 2013, toleo la 3.11, kwa aina ya kufuli aliyoiingiza Maarten Lankhorst, iitwayo ww_mutex. Kila kazi hupewa namba inapoanza. Wakigombana wawili, mwenye namba kubwa, yaani aliyechelewa kuanza, ndiye anayerudi. Kufuli ya kila bafa ya dma-buf, ile ya dma_resv, imejengwa juu ya aina hiyo.

Nikikagua sehemu hii natazama kwa makini kinachotokea baada ya jibu la -EDEADLK, ambalo maana yake ni "rudi nyuma wewe". Lazima kufuli zote zilizoshikwa zifunguliwe, zote pia. Aliyerudi aingoje kwanza ile iliyomgombanisha, ndipo aanze upya. Na aanze na namba yake ya zamani. Akichukua namba mpya kila mara, atahesabika aliyechelewa siku zote na anaweza asipite kabisa.

Draiva mbili zinazogawana bafa mara nyingi huandikwa na watu wasiojuana, mmoja Korea na mwingine Ulaya. Kwa muda mrefu haikuandikwa popote kwa uwazi nani ashike kufuli ya bafa wakati draiva moja inapoiita nyingine. Kila mmoja alikisia. Mwaka 2022 ndipo ilipoandikwa kanuni, ikaingia toleo la 6.2: kazi hizi huitwa kufuli ikiwa imeshikwa, kazi zile ikiwa haijashikwa. Kujiunga na bafa kwa dma_buf_attach, kwa mfano, kunafanywa bila kushika kufuli, kwa kuwa kazi hiyo huishika yenyewe ndani. Kuitandaza ili kifaa kiifikie, kwa dma_buf_map_attachment, kunataka uwe umeishika tayari. Naona kanuni hii ina faida kuliko maboresho mengi ya kasi, maana mkaguzi sasa ana mahali pa kuweka kidole na kusema, "hapa umekosea".

Kuhusu makatizo ya maunzi ni haya machache. Katizo ni ishara ya kifaa inayodai kushughulikiwa mara moja. Likija, kichakata huacha alichokuwa akifanya. Kama alikuwa ameshika kufuli ya kuzunguka, ambayo anayeingoja huendelea kuijaribu bila kulala, na mshughulikiaji wa katizo akaitaka kufuli hiyo hiyo, atazunguka milele akimngoja mtu aliyemsimamisha mwenyewe. Kwa hiyo data inayoguswa na katizo hufungwa kwa spin_lock_irqsave, inayozima makatizo ya kichakata hicho kwanza. Na aliyeshika kufuli ya kuzunguka haruhusiwi kulala: asiombe kumbukumbu kwa njia inayoweza kungoja, wala asinakili kutoka kwa mtumiaji.

Linalobaki ndilo linalowashinda hata wazoefu. Kila bafa hubeba alama za kukamilika: ahadi kwamba kamera imemaliza kuandika, au kichakata michoro kimemaliza kusoma. Mtu huruhusiwa kuingoja alama hiyo huku ameshika dma_resv. Kwa hiyo njia yoyote inayopeleka kwenye kutoa alama haiwezi kuishika dma_resv, la sivyo anayengoja na anayengojewa watakuwa mtu na kivuli chake. Kuomba kumbukumbu huku umeshika dma_resv kunaruhusiwa, lakini kumbukumbu ikiwa imebana, ombi hilo linaweza kuiamsha kazi ya kaneli inayokusanya kurasa, nayo ikarudi kwenye draiva yako kuuliza kama kuna bafa ya kuachia. Ikiitaka dma_resv na kungoja, duara limefunga. Mpangilio wa hizi zote, mmap_lock kwanza, kisha dma_resv, kisha kukusanya kurasa, kaneli yenyewe humfundisha lockdep wakati wa kuwaka, kabla draiva yoyote haijakosea. Na kazi ya kukusanya kurasa ikifika kwenye bafa, huijaribu kufuli mara moja tu. Ikikuta imeshikwa, huiacha bafa hiyo na kwenda kwenye inayofuata.