Tatu Hazijazishinda Mbili Zote: Kuhusu Kuchanganya Dawa za Saratani ya Tezi Dume Iliyosambaa

Wiki iliyopita kijana mmoja aliyemleta baba yake kliniki kutoka upande wa Ahero alininyoshea simu kabla hata sijawakaribisha kuketi. "Daktari, hapa wameandika kwamba ugonjwa wa mzee siku hizi unatibiwa kwa dawa tatu kwa mpigo. Mbona nyinyi mnampa mbili?" Mimi ni mfamasia, si daktari, ila hapa Kisumu kila avaaye koti jeupe huitwa daktari na nimekwisha kuacha kusahihisha. Swali lenyewe ndilo lililonichosha, kwa sababu nimelisikia kwa wagonjwa, kwa wanafunzi, na hivi karibuni katika kikao cha wahudumu wa afya mjini Nakuru, ambako mwenzangu mwenye shahada nyingi kuliko zangu alisimama akatangaza kwamba "tatu zimezishinda mbili". Zimezishinda mbili fulani, na hizo si mbili anazotumia mzee wa Ahero.

Sitaanzia mbali. Anayesoma ukurasa huu anajua PSA ni nini, ile protini ya tezi dume tunayoipima kwenye damu ili kuufuatilia ugonjwa, na anajua kwamba msingi wa tiba tangu Charles Huggins aonyeshe jambo hilo mwaka 1941 ni kuukosesha uvimbe homoni ya testosteroni, ama kwa upasuaji wa kuondoa korodani, ama kwa sindano. Hiyo ndiyo dawa ya kwanza katika kila hesabu nitakayoifanya hapa. Kwa miongo mingi ilikuwa peke yake, na uvimbe ulipoanza kukaidi, yaani kukua licha ya kukoseshwa homoni, ndipo tulipotafuta la kuongeza.

Mwaka 2015 jaribio la CHAARTED la Marekani, lenye wanaume 790, lilionyesha kwamba tukiongeza mizunguko sita ya dosetakseli, kemotherapi ya kuchomwa mshipani, mwanzoni kabisa, badala ya kungoja ukaidi, muda wa kati wa kuishi, yaani ule ambao nusu ya wagonjwa wanauvuka wakiwa hai, hupanda kutoka miezi 44.0 hadi 57.6. Jaribio la Ufaransa lililotangulia, lenye wagonjwa 385, halikuwa limeona faida ya uhakika katika muda wa kuishi, na watu husahau kulitaja. Mwaka 2017 majaribio mawili, LATITUDE na STAMPEDE, yalionyesha kwamba ukiongeza abirateroni, kidonge kinachouzuia mwili kutengeneza testosteroni, badala ya dosetakseli unapata faida kubwa pia: katika LATITUDE, baada ya miaka mitatu, asilimia 66 ya waliopewa abirateroni walikuwa hai, na asilimia 49 ya waliopata homoni bila abirateroni. Basi tukawa na jozi mbili nzuri, homoni na dosetakseli, au homoni na abirateroni.

Sasa tuje kwenye hizo tatu. Jaribio la ARASENS lilitangazwa mwaka 2022. Wanaume 1,306 waligawanywa kwa bahati nasibu. Wote walipewa tiba ya homoni na dosetakseli, kisha nusu wakaongezewa darolutamidi, kidonge kinachoizuia testosteroni isiufikie uvimbe, na nusu wakaongezewa kidonge kisicho na dawa, yaani plasebo. Hatari ya kufa ilipungua kwa asilimia 32.5 kwa walioongezewa darolutamidi. Ni matokeo mazito na sina neno nayo. Mwaka huohuo PEACE-1 la Ulaya likaonyesha jambo linalofanana kwa abirateroni iliyowekwa juu ya homoni na dosetakseli.

Msomaji, rudi usome aya hiyo tena, polepole, na ujiulize dawa iliyojaribiwa ilikuwa ipi. Haikuwa dosetakseli. Dosetakseli walipewa wote, wa huku na wa huku. Kwa hiyo jaribio lile linajibu swali moja tu: ikiwa tayari umeamua kumpa mgonjwa homoni na dosetakseli, je, kumwongezea darolutamidi kunamfaa? Ndiyo, kunamfaa. Halijibu, wala halikukusudia kujibu, swali la pili: ikiwa tayari anatumia homoni na darolutamidi, au homoni na abirateroni kama mzee wetu, je, kumchoma dosetakseli kunamwongezea chochote? Hayo ni maswali mawili tofauti, na simu ya kijana iliyachanganya kama alivyoyachanganya mwenzangu wa Nakuru, ambaye hana udhuru.

Wanafunzi wangu wakinikazia macho hapa huwapeleka Dunga. Tuseme mama mmoja pale ufukweni anauza samaki wa kupika kwa nyanya. Siku moja anaanza kuwakamulia ndimu, na wateja wanamsifu kuliko jana. Tumejua kwamba ndimu inamfaa samaki mwenye nyanya. Hatujajua kama samaki mwenye ndimu anaihitaji nyanya. Ili kulijua hilo ni lazima mama apike sufuria mbili, zote na ndimu, moja na nyanya na moja bila. Sufuria hiyo ya pili, yaani homoni na darolutamidi bila dosetakseli, haikupikwa katika ARASENS. Kama kuna mtu Nakuru aliyeiona, aniletee.

Wala sisemi kwamba waliobuni jaribio walituhadaa. ARASENS lilianza kusajili wagonjwa mwaka 2016, wakati dosetakseli ndiyo iliyokuwa imethibitishwa kuwa mwenzi wa homoni, na matokeo ya abirateroni kwa wagonjwa hao yalikuwa hayajatoka. Kundi la ulinganisho lilipewa kilichokuwa bora siku ile. Tatizo ni kwamba jaribio kubwa huchukua miaka, na linapokomaa huikuta dunia imekwisha kuhama. Kundi la ulinganisho linabaki limesimama pale lilipoachwa, nasi tunasoma matokeo yake kana kwamba ni ya asubuhi ya leo. Vitabu hupita juu ya jambo hili kwa sentensi moja, nami naliona kuwa ndilo gumu kuliko yote katika kazi hii.

Je, kuna ushahidi wa kutusogeza karibu? Upo, lakini haujanyooka. STAMPEDE ni jaribio lenye matawi mengi lililoanza mwaka 2005, na kuna kipindi ambapo tawi la dosetakseli na tawi la abirateroni yalikuwa yakisajili kwa wakati mmoja. Wagonjwa 566 waliingia hivyo, na walipolinganishwa haikuonekana tofauti ya uhakika katika muda wa kuishi baina ya jozi hizo mbili. Hiyo inatuambia jambo kuhusu jozi kwa jozi, si kuhusu tatu kwa mbili, na idadi ni ndogo mno kwa swali kama hilo. Katika ENZAMET, jaribio la enzalutamidi, kidonge cha jamii moja na darolutamidi, baadhi ya wagonjwa walipata dosetakseli na baadhi hawakupata, lakini aliyeamua ni daktari na wala si bahati nasibu, na daktari humpa kemotherapi mgonjwa mwenye ugonjwa mwingi na mwili wa kuistahimili. Ukilinganisha makundi ya namna hiyo unampima daktari, huipimi dawa.

Nikiulizwa kama ningeunga mkono dawa tatu, jibu langu ni ndiyo, kwa wachache: mwanamume ambaye ni mzima kwa mengine yote, aliyegunduliwa ugonjwa ukiwa tayari umefika kwenye ini au mapafu, au mifupani mahali panne na zaidi huku angalau mahali pamoja pakiwa nje ya uti wa mgongo na nyonga. Ndivyo CHAARTED ilivyoufafanua mzigo mkubwa, na ni kwa hao kwamba dosetakseli ilionyesha nguvu yake. Walio na mzigo mdogo, walipofuatiliwa kwa muda mrefu zaidi, faida haikuonekana. Lakini siwezi kuapa kwamba katika hizo tatu ni dosetakseli inayofanya kazi. Ninaichagua kwa kukisia kwa heshima.

Nami nilikuwa mshabiki. Matokeo yalipotoka niliutetea mchanganyiko wa dawa tatu kwa mikono miwili, na katika kituo nilichokuwa nikifanya kazi wakati huo niliunga mkono mzee mmoja aanzishwe zote tatu ingawa alikuwa amekonda na hakuwa na mtu wa kumwangalia nyumbani. Siku ya tisa baada ya mzunguko wa kwanza alipata homa usiku, chembe nyeupe za damu zikiwa zimeshuka, na kwa kuwa hakutaka kuwasumbua majirani alingoja asubuhi ndipo akapanda matatu. Aliokolewa. Mizunguko mingine mitano hakuipata, na mwenye haki ya kulaumiwa ni mimi niliyemtazama kwenye karatasi badala ya kumtazama mwenyewe. Wanaume wa majaribio yale walichaguliwa wakiwa na nguvu za kutosha kuingia jaribioni, na Waafrika miongoni mwao walikuwa wachache. Kila ninapowanukuu kwa ajili ya mtu wa Nyanza najua kwamba ninaazima.

Imani hii ya kuongeza dawa ina shina lake, nalo ni wazo kwamba dawa hujumlishwa kama shilingi: nzuri kwa nzuri ni nzuri zaidi, na ikishindikana basi haidhuru. Waulize wanaume 806 wa jaribio la ERA 223. Radiamu 223, dawa ya mionzi inayochomwa mshipani, ilikuwa imethibitishwa kurefusha maisha ya wenye saratani iliyoingia mifupani, na abirateroni pia. Zikaunganishwa. Mwaka 2017 ilibidi siri ya jaribio, ya nani kapewa nini, ifunguliwe kabla ya wakati kwa sababu waliopewa zote mbili walikuwa wakivunjika mifupa na kufa kuliko waliopewa abirateroni na plasebo. Katika matokeo kamili, waliovunjika mfupa walikuwa asilimia 29 kwa 11. Dawa mbili zilizothibitishwa, zenye vibali vyote, zikiwekwa pamoja zikawa balaa. Kisha, ili usije ukadhani umeelewa, PEACE III likaiunganisha radiamu hiyohiyo na enzalutamidi, safari hii wagonjwa wakilazimishwa kutumia dawa ya kulinda mifupa baada ya funzo la ERA 223, na mwaka 2024 likatoa matokeo mema: muda wa kati kabla ya ugonjwa kusonga mbele kwenye picha ulitoka miezi 16.4 ukawa 19.4. Mwenzi alibadilika, mifupa ikalindwa, na matokeo yakageuka. Ni kiasi gani kilitokana na lipi, sijui mtu anayeweza kukueleza kwa uhakika.

Na kuna namna ya tatu, ambapo hakuna balaa wala faida. Abirateroni na enzalutamidi zilipowekwa pamoja kwa wanaume 1,311 wenye saratani iliyokaidi, muda wa kuishi haukutofautiana kwa uhakika na wa waliopewa enzalutamidi peke yake, ila madhara yaliongezeka. Enzalutamidi huliamsha ini liitoe abirateroni mwilini upesi zaidi, jambo ambalo pengine halikusaidia.

Niseme haraka kuhusu kundi la ulinganisho, maana kila fomu ya ridhaa tunayoisoma na familia hukwama hapo: hawaachwi bila dawa. Hupewa tiba bora inayojulikana, na plasebo, ikiwepo, huwekwa juu yake ili asiwepo ajuaye. Hakuna jaribio la dawa linaloanza Kenya bila kamati ya maadili na Bodi ya Famasia na Sumu kulipitia, na nimewaona wakirudisha makaratasi kwa makosa madogo kuliko hilo.

Turudi kwa mzee wa Ahero. Nilimwomba kijana anipe ule mfuko wa dawa badala ya simu. Tuliumwaga mezani: chupa ya abirateroni, vidonge vya miligramu 250, vinne kwa siku, pakiti ya prednisoloni ambayo haikuwa imeguswa, na chupa ya soda iliyojaa maji ya mizizi. Prednisoloni mzee aliiacha kwa sababu jirani alimwambia ni ya kuvimbisha uso. Presha yake ilikuwa 178 kwa 104 na miguu ilikuwa imeanza kujaa. Abirateroni bila prednisoloni huzisukuma tezi za juu ya figo zitoe homoni inayobakiza chumvi mwilini na kupoteza potasiamu. Katika majaribio yote ya abirateroni niliyoyataja, haikutenganishwa na prednisoloni au ndugu yake prednisoni. Huo tayari ni mchanganyiko, tena uliojaribiwa, na mzee alikuwa ameuvunja akiwa nyumbani huku mwanawe akitafuta wa kuongeza. Tukachukua damu ya kupima potasiamu, tukamrudishia prednisoloni yake, na maji ya mizizi nikayabakisha mezani kwangu kwa ruhusa yake.

Mama, mkewe, ambaye alikuwa kimya muda wote, ndiye aliyeuliza la maana. "Na hivi vinne, ni lazima viwe vinne? Bei yake imetumaliza." Abirateroni humezwa tumbo likiwa tupu kwa sababu chakula chenye mafuta mengi huweza kuongeza kiasi kinachoingia kwenye damu hadi takriban mara 10. Mwaka 2018 lilichapishwa jaribio la wanaume 72 ambamo kidonge kimoja cha miligramu 250 pamoja na chakula chenye mafuta kidogo kililinganishwa na vinne bila chakula, na PSA baada ya wiki 12 haikuwa mbaya zaidi kwa wa kidonge kimoja. Ni wanaume 72, wenye ugonjwa uliokwisha kukaidi, na ni PSA, si maisha. Majaribio ya kuongeza dawa yana wadhamini wenye fedha. La kupunguza vidonge vitatu kila siku halimtajirishi mtu, na sijaona likifanywa kwa ukubwa wa ARASENS.

Nilimweleza mama yote hayo, pamoja na sehemu nisizozijua. Alivihesabu vidonge vilivyobaki chupani, viwili viwili, akiviweka kwenye kifuniko. Kisha akaniuliza kama uji wa wimbi bila maziwa unahesabika kuwa chakula chenye mafuta kidogo. Nimeliandika swali lake, na tutalipeleka kwa daktari wake Alhamisi pamoja na majibu ya potasiamu.