Usiipe Sarafu Yako Ndimu

"Mzee, nimeisafisha mwenyewe, hebu itazame inavyowaka." Kijana aliifungua leso, nami nikanyamaza. Ilikuwa heller 20 ya Tabora, sarafu ya enzi za Wajerumani: taji juu, herufi D.O.A. (kifupi cha Afrika Mashariki ya Kijerumani), mwaka 1916, na T ndogo chini. Iling'aa kama dele la kahawa usiku wa kuamkia Idi. Ila huku na kule ilikuwa na mabaka ya waridi.

Mwaka ule, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walikuwa wamefungiwa bahari, sarafu haziji tena kutoka Ulaya, wakaamua kuzipiga wenyewe katika karakana ya reli ya Tabora. Nyingine ni za shaba nyekundu, nyingine za shaba ya manjano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Hii ilikuwa ya manjano. Ukiiloweka kwenye ndimu, asidi inaila zinki kwanza na kuiacha shaba peke yake usoni. Ndiyo yale mabaka. Halafu alikuwa ameimalizia kwa majivu, kwa hiyo chini ya taa niliona mikwaruzo midogomidogo inayozunguka kama nyuzi za buibui. Sarafu za Tabora zilipigwa ovyo tangu mwanzo, taji nyingine hazikutoka vizuri, na mnunuzi anayezijua hilo analisamehe. Mikwaruzo ya majivu haisamehe. Mimi silipi hata nusu.

Ule utando wa kahawia au mweusi si uchafu. Ni ngozi ya sarafu, imeota kwa miaka mia moja na inaukinga uso wake. Uache.

Kama kuna udongo au mafuta ya vidole, naanza na maji yasiyo na chumvi. Maji ya betri yanafaa, lakini soma chupa vizuri, maana wengine huita jina hilohilo ile asidi yenyewe! Loweka, badilisha maji kila siku, kisha kausha kwa kugandamiza kitambaa cha pamba. Usisugue. Mafuta na ule ute wa kijani unaonata huondoka kwa asetoni safi, si ile ya kutolea rangi ya kucha yenye manukato. Tumia bakuli la kioo, fungua dirisha, na kaa mbali na jiko.

Ute huo, kwa taarifa yako, hutokana na albamu za plastiki laini, zile zinazonuka kama pazia jipya la bafuni. Plastiki ya PVC ikizeeka hutoa asidi. Nunua vifuko vya poliesta. Ni vigumu kidogo na hupasuka ukivikunja, lakini havidhuru.

Sasa tuje kwenye ugonjwa unaonitisha kuliko yote huku pwani. Mtu huniletea pesa ya Sultani Barghash, ile sarafu ya shaba ya Zanzibar yenye picha ya mizani, ya mwaka 1299 wa Hijria (1882), imetoka ardhini karibu na bahari. Kijani kigumu, laini, cha giza, hicho ni salama. Lakini ukiona vidoa vya kijani cheupe kama chaki, ukivigusa kwa kijiti cha meno vinapukutika, basi chumvi ya bahari imeingia ndani ya shaba. Kila hewa inapopata unyevu, chumvi hiyo inaamka na kula tena, mpaka maandishi ya Kiarabu yanazama kwenye mashimo. Itenge na wenzake. Toa unga kwa kijiti chini ya lenzi, iloweke kwa wiki kadhaa huku ukibadilisha maji, ikaushe kabisa, kisha ihifadhi pakavu. Na hata hapo naichungulia kila mwezi. (Sarafu za kale za Kilwa ni habari nyingine: ukizikuta ardhini, zipeleke makumbusho, usizichimbe wala kuziuza. Sheria ya mambo ya kale ipo tangu 1964.)

Mimi nakaa Tanga, ambako hata chumvi ya mezani hushikana. Sarafu zangu ziko kwenye kopo la chuma linalofungika vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, vikichoka navibadilisha. Kasha la mbao la bibi ni zuri kwa kanga, si kwa sarafu, kwa sababu mbao nyingi hutoa mvuke wenye asidi. Mipira ya kufungia ndiyo mibaya zaidi kwa sarafu za madini ya fedha. Niliwahi kupokea riale ya Maria Theresa, ile sarafu ya fedha yenye sura ya malkia, ikiwa na mstari mweusi shavuni, pale mpira ulipokaa. Salfa ya mpira ilikuwa imeichora.

Yule kijana aliniuliza heller yake itarudi lini kama zamani. Nikamwambia ukahawia utarudi polepole, miaka kwa miaka, ila mabaka huenda yakabaki, na mikwaruzo haiondoki. Akashukuru, akaishika kwa kidole gumba katikati ya taji, akaitumbukiza mfukoni pamoja na funguo za pikipiki.

"Baba, itoe," nikamwambia, nikampa kifuko.