Mtakatifu Sesilia hakuwa mpiga kinanda

Kila ikikaribia Novemba 22, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, kwaya zetu za Katoliki zinaanza kupost picha ya Sesilia kakaa kwenye kinanda, na mtu lazima aandike eti ndiye alikigundua. Hapana jamani. Huyu ni shahidi wa Roma ya zamani, yaani aliuawa kwa ajili ya imani, na habari zake tunazisoma kwenye simulizi la karne ya 5, hata humo hagusi kinanda. Kinachosemwa ni kwamba siku ya harusi yake, aliyoozeshwa bila kutaka, vyombo vya muziki vikiwa vinapigwa yeye alimwimbia Mungu moyoni mwake, yaani kimyakimya! Sasa neno la Kilatini lililotumika humo, organa, ambalo baadaye watu walilielewa kama kinanda, lilikuwa vyombo vyovyote tu, halafu kwenye antifona (wimbo mfupi wa ibada) ya sikukuu yake yale maneno "moyoni mwake" yakaachwa, basi watu wakaelewa bibi harusi anaimba huku anapiga. Wachoraji wakamalizia. Ila mtazame Sesilia wa mchoraji Raphael kule Bologna, Italia: kinanda kidogo cha mabomba kakishika kichwa chini, mabomba yanachomoka, vyombo vingine vimevunjika miguuni pake, na yeye macho juu anasikiliza malaika.