Epithelia, tambuu na kichocho: utando unaogeuka ukichokozwa

Wanafunzi wanaotembelea maabara yetu hapa Mombasa huwa tunaanza nao kwa mashavu yao wenyewe. Mtu anapitisha kijiti cha pamba safi ndani ya shavu, anakipaka kwenye kioo, anadondosha tone la rangi ya buluu, kisha anatazama kwa darubini. Anaona seli pana, bapa, kila moja na kiini chake katikati. Hakuumia wala hakutoka damu, kwa sababu seli hizo zilikuwa tayari zinabambuka.

Hiyo ndiyo epithelia. Tishu ni kundi la seli zinazofanya kazi pamoja, na mwilini zipo za aina nne kuu. Tishu ya misuli hukaza na kulegea, ya neva hupeleka habari, na tishu unganishi, ambamo mna mifupa, mafuta na hata damu, hushikilia viungo mahali pake. Hizo tatu zina siku yake. Epithelia ndiyo inayoufunika mwili kwa nje na kuvika njia zake za ndani, na tezi za mate na za jasho zimetokana nayo.

Seli zake zimebanana kama kabro za Mji wa Kale. Hakuna mshipa wa damu unaopita humo. Chakula na oksijeni hupenya kutoka tishu unganishi iliyo chini. Umbo lake hufuata kazi. Vifuko vya hewa vya mapafu vimevikwa safu moja tu ya seli bapa, nyembamba mno, ili hewa ipite. Utumboni seli ni ndefu, za kufyonza chakula, na hubadilishwa kwa mpya kila siku 3 hadi 5. Mdomoni na ngozini, penye msuguano, safu ni nyingi: ya juu ikibambuka, ya chini inapanda.

Tunalolisisitiza sisi wa patholojia, tunaochunguza magonjwa kwenye tishu, ni kwamba epithelia ikichokozwa miaka na miaka hugeuka aina. Mfano ni mvutaji wa sigara. Njia zake za hewa zilivikwa seli ndefu zenye vinyweleo vya kusukuma makohozi juu. Moshi ukizidi, mahali pake huota safu za seli bapa. Hizi zinastahimili moshi, lakini hazisukumi kitu, basi anabaki na kikohozi kisichoisha. Kugeuka huko si saratani, na akiacha mapema hali inaweza kurudi. Hata hivyo, saratani nyingi za watu wazima huanzia kwenye epithelia.

Kwa hapa Pwani, mchokozi wa kwanza kwangu ni tambuu. Najua nagusa mambo ya watu, maana tambuu ni ya harusini na ya barazani, na jani lenyewe sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na popoo, kokwa inayotafunwa pamoja na jani hilo, ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiorodhesha kuwa kisababishi cha saratani, hata bila tumbaku. Kwa mtafunaji wa miaka mingi, tishu unganishi iliyo chini ya utando wa mdomo hukakamaa, na epithelia ya juu yake hukonda. Pilipili aliyoizoea inaanza kumchoma, shavu linapauka kwa ndani, mdomo unakataa kufunguka. Jipime mwenyewe: vidole vyako vitatu vikipangwa wima vinapaswa kuingia kati ya meno ya juu na ya chini. Vikiingia viwili tu, muone daktari wa meno. Vilevile doa jeupe au jekundu, au kidonda kisichopona kwa wiki mbili. Usisubiri mpaka kidonda kianze kuuma, mara nyingi mwanzoni hakiumi.

Wa pili ni kichocho, ugonjwa unaoletwa na mnyoo. Epithelia ya kibofu cha mkojo ni ya namna yake: kibofu kikiwa kitupu seli za juu huwa nene, kikijaa zinatandaa na kuwa bapa, na mkojo haupenyi. Mtoto anayeogelea baharini Nyali au Bamburi hapati kichocho huko. Hukipata kwenye maji yasiyo ya chumvi yenye konokono wanaobeba mnyoo wake, kama mabwawa na vijito vya Kwale, ambako wengi wetu hupeleka watoto likizoni. Mayai ya mnyoo huyo, yenye mwiba nchani, hunasa kwenye ukuta wa kibofu, na damu huonekana mwishoni mwa kukojoa. Wapo wazazi wanaoliona jambo la kawaida. Kikiachwa bila tiba kwa miaka, utando wa kibofu nao hugeuka kuwa wa seli bapa, na humo saratani inaweza kuota.

Dawa yake, prazikwanteli, hutolewa kwa kipimo cha uzito wa mgonjwa. Ukimleta mtoto kupimwa, mkojo tunaoutaka ni wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai yanatoka kwa wingi. Na yale matone ya mwisho yasimwagwe, yaingie chupani.