Usiku kwenye Reli ya Kati: yanayosemwa na yalivyo

Kila nikimwambia mtu hapa Dodoma kwamba nakwenda Tabora kwa treni ya usiku, swali la kwanza ni lile lile: "Kwani bado zipo?" Baada ya hapo yanamiminika mengine. Utaibiwa. Utakufa kwa baridi. Hutapata usingizi. Utafika keshokutwa. Wengi wanaoyasema hawajawahi kulala ndani ya behewa, au walipanda mara moja utotoni wakiwa wamekalia gunia la mahindi daraja la tatu. Mimi nimekulia karibu na stesheni, mlio wa injini ndio uliokuwa ukinilaza, na inaniuma kuona watu wanaikwepa safari hii kwa mambo ambayo hayako hivyo.

"SGR imekuja, treni ya kulala imekufa"

Kuna reli mbili, na watu wanazichanganya. SGR, yaani reli mpya ya kisasa, yenye upana wa milimita 1,435 na inayotumia umeme, ilianza kuleta abiria Dodoma mwezi Julai 2024. Kutoka Dar es Salaam ni mwendo wa takriban saa nne, kwa hiyo mabehewa yake ni ya kukaa. Kitanda cha nini kwa saa nne?

Reli ya zamani, ndiyo Reli ya Kati, ina upana wa mita moja kamili. Hiyo ndiyo ya mabehewa ya kulala, na ndiyo inayopita Bahi, Saranda, Manyoni na Itigi hadi Tabora, kisha inagawanyika: tawi moja Mwanza, njia kuu Kigoma, na kule Kaliua linachepuka tawi la Mpanda. Ukienda magharibi kwa treni, ni hii.

Kuzichanganya kuna gharama. Stesheni za Dodoma ni mbili, kila reli na yake. Nimewahi kumkuta mzee mmoja amekaa na mizigo yake kwenye stesheni ya SGR, tiketi ya Kigoma mkononi, anashangaa mbona hakuna anayemwelewa. "Shikamoo baba, treni yako haiji hapa," nikamwambia. Tukakimbia na bodaboda mbili, moja yake, nyingine ya mizigo. Akaiwahi.

Wapo pia wanaosubiri Tazara Dodoma. Tazara haifiki huku. Ni reli ya tatu, ya milimita 1,067, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, nayo inapita Ifakara, Makambako na Mbeya kwenda Zambia.

"Hii reli walituachia Waingereza"

Waingereza walijenga tawi la Mwanza, lililofika ziwani 1928. Njia kuu ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1905 pale Dar es Salaam, ikafika Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Waliochimba na kubeba mataruma ni babu zetu, Wanyamwezi wakiwa wengi miongoni mwao. Na mji huu wa Dodoma kama tunavyoujua ulianza kwa sababu ya ujenzi huo.

"Ikisimama porini ujue imeharibika"

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza usingizi wao bure. Saa nane za usiku treni inasimama, taa za nje hakuna, ni giza na vichaka tu, na mtu mmoja koridoni anatangaza kwamba injini imekufa. Behewa zima linaamka.

Reli ya Kati ni njia moja. Treni inayotoka Kigoma na inayokwenda Kigoma zinatumia chuma kile kile, na haziwezi kupishana popote isipokuwa stesheni yenye njia ya pembeni. Dereva haruhusiwi kuondoka stesheni moja mpaka apewe kibali kwamba kipande cha mbele, hadi stesheni inayofuata, hakina treni nyingine. Kwa hiyo unachokiona kama pori mara nyingi ni stesheni ndogo ambayo jengo lake liko upande wa pili wa behewa lako. Mnasubiri mwenzenu apite. Ukitulia utasikia mtetemo, taa zinakuja, mabehewa ya mizigo yanapita dirishani moja baada ya jingine, halafu kimya, halafu mnaondoka.

Sababu nyingine ya treni kujikokota ni ardhi yenyewe. Ukitoka Dodoma kwenda magharibi, reli inashuka hadi bonde la Bahi, ambalo ni sehemu ya Bonde la Ufa. Baada ya Saranda inabidi iupande ukuta wa bonde hilo hadi Manyoni. Ni mamia ya mita za kupanda, kwa kona baada ya kona, kwa injini inayovuta mabehewa marefu. Pale hata mtu anayekimbia angeweza kushindana na treni kwa muda. Huo si ubovu, ni mlima. Upande wa mashariki, kati ya Kilosa na Gulwe, reli inafuata mto Mkondoa, na mto huo masika unaweza kubeba tuta lote na kuacha chuma kinaning'inia. Ukipita huko dereva akipunguza mwendo, mshukuru.

"Usiku ni hatari, dereva anasinzia"

Wanaosema hivi hutaja ajali ya Igandu, na hilo siwezi kulipita haraka, kwa sababu ni hapa kwetu. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria ikiwa mlimani ilianza kurudi nyuma, breki hazikuizuia, ikaigonga treni ya mizigo. Watu zaidi ya 280 walifariki. Msiba ule bado una wenyewe mkoani Dodoma.

Lakini angalia kilichotokea: ni breki na mlima. Giza na usingizi hazikuwa chanzo. Kwa hiyo mkiwa stesheni mkasikia upepo unafyatuka chini ya mabehewa, psss, psss, mara kadhaa, na mtu anatembea na tochi kando ya magurudumu, msimpigie kelele aharakishe. Breki za treni zinaendeshwa kwa upepo, na huyo anahakikisha upepo unafika hadi behewa la mwisho. Nusu saa ya kazi ile ni kwa ajili yenu.

Na ule mdundo wa taka-taka, taka-taka unaowatia watu wasiwasi kwamba reli imekatika? Vipande vya reli ya zamani vimeachiwa nafasi ndogo kwenye maungio ili chuma kipate pa kutanukia jua linapokiwakia. Gurudumu likipita kwenye ungio, linagonga. SGR haina mdundo huo kwa sababu vipande vyake vimechomelewa pamoja. Mimi nikiukosa silali.

"Kitanda ni cha daraja la kwanza tu"

Sivyo. Kuna daraja la pili kulala: chumba cha vitanda sita, vitatu kila upande. Wanawake chumba chao, wanaume chao, isipokuwa familia ikichukua chumba kizima. Daraja la kwanza chumba ni cha watu wachache zaidi.

Wengi hukimbilia kitanda cha chini wakidhani ndicho bora. Fikiri kwanza. Mchana kile cha chini ni benchi la wote sita, na cha kati hukunjwa ili watu wapate pa kuegemea. Mwenye kitanda cha juu ndiye pekee anayeweza kulala saa yoyote anayotaka, na mzigo wake anaulalia kichwani. Kwa mjamzito, mzee, au mwenye mtoto mdogo, cha chini ni haki yake. Ukiombwa, mpishe.

"Wezi wako ndani ya behewa"

Chumbani mnakuwa watu sita mliosalimiana na kugawana karanga. Hatari kubwa iko dirishani, treni ikiwa imesimama. Niliibiwa mara moja, simu niliyoiweka kwenye kimeza kando ya dirisha wazi. Mkono ulitoka gizani na kurudi gizani. Mama aliyekuwa kitanda cha chini akaniambia, "Mwanangu, dirisha la treni usiku ni mlango." Tangu siku hiyo silali kabla ya kuuliza kabari, kile kipande cha mbao cha kukazia dirisha lisisukumwe kutoka nje. Kama chumba hakina, uwe nacho chako. Mlango nao fungeni kwa komeo, na mtu akigonga muulize jina na kazi yake.

"Dodoma ni joto, shuka linatosha"

Watu wa Pwani husema hivi halafu asubuhi wanatetemeka. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, Manyoni iko juu zaidi. Juni hadi Agosti usiku joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14 hivi, na upepo wa uwanda huu unapenya kwenye kila ufa. Beba blanketi na soksi.

"Usipobeba chakula utashinda njaa"

Beba maji. Chakula, kidogo tu. Behewa la chakula lipo, na stesheni zenyewe ni soko: treni ikisimama, hata kama ni usiku wa manane, wamama na vijana wanakuja na beseni vichwani na taa mikononi. Saranda ina sifa ya kuku, na sifa hiyo ni ya haki. Ukisogea kuelekea Tabora kuna asali. Uwe na chenji, maana treni haingojei mtu atafutiwe elfu nane, na pokea bidhaa kabla hujaachia noti.

Choo, kwa mabehewa mengi ya zamani, humwaga moja kwa moja relini. Kwa hiyo usikitumie treni ikiwa imesimama stesheni. Hao wenye beseni wanapita pale pale chini.

"Kondakta atakuamsha"

Mwambie unakoshuka, ndiyo, na mara nyingi atakuja. Lakini ana mabehewa mengi, na stesheni ndogo hazina kipaza sauti wala kibao utakachokisoma gizani. Tega simu yako, kisha jua stesheni iliyotangulia yako: anayeshuka Manyoni awe ameshakunja blanketi Saranda. Jukwaa la stesheni linaweza kuwa fupi kuliko treni, behewa lako likabaki juu ya kokoto. Washa tochi, tazama chini kabla ya kuweka mguu, mtangulize mwenzako, umpe mizigo, halafu ushuke ukiwa umeshika chuma cha mlango kwa mkono mmoja.